Asumini Nne za Mkandaji

Mkandaji alikuwa hapendi kuguswa.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo wasiomjua hawaliamini. Mwanamke ambaye mikono yake ilikuwa imepita juu ya migongo, matumbo na nyayo za nusu ya wanawake wa Mji wa Kale, wewe ukimpa mkono wa salamu alikushika kifundo kwa vidole viwili, akakiachia upesi kama aliyeshika kifuniko cha sufuria ya moto. Wakubwa walisema ana kiburi. Mama yangu alisema ni uchaji. Mimi nilidhani ni uchovu tu. Mtu aliyeshinda akikanda miili ya wenzake tangu alfajiri, na yeye mwili wake anataka ukae kwa amani. Sasa nimefika umri aliokuwa nao siku hizo, na katika maelezo yote hayo hakuna hata moja ninaloliamini sawasawa.

Nilimjua miaka mingi, lakini ninayotaka kuyasema ni ya ile miaka ya arubaini, wakati wa vita na baada yake kidogo, kwa kuwa ndipo nilipomtenda nililomtenda. Sitaki kulizungukazunguka. Nilimharibia jina. Kuliharibu sikukusudia, ila kunyamaza nilikusudia, na hilo la pili ndilo lililonikaa kooni mpaka leo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na vidole vyake vilikuwa vibaya. Vifupi, vinene, gumba la kulia lina kovu la moto. Ungeviona ungedhani ni vya mtu wa kupasua kuni. Lakini kabla ya kumgusa mtu alivitia kwenye bakuli la maji ya moto, akavifuta, akavipaka mafuta yake ya uto aliyoyachemsha na karafuu na mdalasini, kisha akaviweka pamoja kifuani, kimya, kama anayevipa habari za mwili vinaouendea. Hapo tena hukuviona ubaya. Alianza na nyayo. Siku zote nyayo, hata mtu akilalamika kichwa. Ukimwuliza sababu alisema, "Nyumba huingiwa mlangoni."

Aliwakanda waja wazito, akawafunga mkaja waliojifungua, akawanyoosha wenye viuno. Ila kazi yake haikuwa mikono peke yake. Akiingia nyumbani mwako alitazama kila kitu: mwala nini, mwalala wapi, dirisha hili mbona limefungwa kama la maiti. Mke mmoja wa tajiri, aliyekuwa na maradhi ya kila namna, alimwambia mbele ya wakwe zake, "Mwanangu, huna ugonjwa, una kiti. Kiondokee. Panda darini na ushuke mara tatu kila asubuhi, kisha niite." Mwenye duka la viungo kwenye kona ya mtaa wetu, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mtu mnene mwenye pumzi fupi, alipelekewa agizo kwa kinywa cha mkewe: kila alfajiri aende kwa miguu hadi Ngome ya Yesu, ambayo siku hizo ilikuwa gereza, aguse ukuta, arudi. Alicheka sana. Mwezi ulipoisha alikuwa hakosi hata siku moja, na akiulizwa anakokwenda husema, "Nakwenda kuwatazama wafungwa kama wameamka."

Na jambo alilolijua kuliko wote wa kazi yake ni mpaka wake ulipo. Kuna waliomshikilia mgonjwa mpaka akawafia mkononi kwa kuogopa kuonekana hawajui. Yeye aliweka kiganja tumboni mwa mtu, akakaa, akakiondoa. "Hili si langu. Mpelekeni spitali, na mpelekeni sasa." Hakuona haya hata kidogo.

Alikuwa mkali kwa wenye kulia. Aliwakataza watu halua mji mzima, na ndani ya kikapu chake, chini ya mataulo, palikuwa na halua iliyofungwa kwenye karatasi. Nilipoifuma alisema bila kupepesa macho kwamba ile ni dawa ya mkandaji, si ya mkandwa. Alipenda umbea kama mtoto apendavyo hadithi. Akiketi na kikombe chake cha kahawa, mtu akianza kisa, yeye husogea. "Ehe? Kisha?" Lakini yaliyomwingia hayakutoka. Wasichana walioona haya kuvua leso aliwaambia, "Mficha uchi hazai," na wakavua, na pamoja na leso wakavua mengine. Alijua nani alipigwa na nani hakuguswa mwaka mzima. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii haikuwa na mdomo. Miaka yote ile sikupata kusikia neno la nyumba moja likifika nyumba ya pili kwa ulimi wake.

Ya kwake mwenyewe hakuna aliyekuwa akiyajua. Alikaa peke yake, chumba na ukumbi, wala hakuwa na mume, na hakuna aliyemwuliza kwa sababu mtu anayekushika tumbo humwulizi maswali.

Mimi nilikuwa mchora kofia. Siku hizi kazi hii imekuwa ya kuuza dukani, kwa hiyo nieleze. Bafta nyeupe hukatwa vipande viwili, bapa la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mchoraji huchora maua na mistari kwa penseli, na mwenye kofia, mke au mchumba au mama wa mtu, hukaa miezi akitoboa na kuzungushia uzi vile vitundu tunavyoviita viua. Kofia haiandikwi jina, lakini ina mwenyewe. Mwanamke akikuita umchoree, hukwambia ni ya kichwa gani, na ua alilochorewa mume wake hulipeleki nyumba nyingine bila ruhusa yake. Ukilipeleka, umekwisha, hutaitwa tena, kwa kuwa nani atakuamini? Kuna mchoraji mmoja kabla yangu aliyeshikwa na kosa hilo, na nilimkuta akisuka mikeka.

Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, na mama hakuwa akiona vizuri. Penseli ile ndiyo iliyotulisha. Nalisema hili si kwa kujitetea. Au labda ni kwa kujitetea.

Kisa cha alama kilianza Mwembe Tayari. Mji ulikuwa umejaa wageni wa vita, wanajeshi, mabaharia, watu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini na relini, na jina la Mkandaji lilikuwa limewafikia. Basi kukatokea watu wakiuza chupa sokoni, "Mafuta ya Mkandaji, ya Mkandaji haya!", ndani yake uto kidogo na mafuta ya taa mengi. Mchukuzi mmoja wa bara alijipaka mgongo mzima. Ngozi ilimtoka. Mkewe, mama Mkristo aliyekuwa mpole kupita kiasi, aliuliza njia mpaka akafika mtaani kwetu, akamwonyesha Mkandaji ile chupa.

"Mama, nimeambiwa haya ni yako."

Mkandaji aliinusa. Sikupata kumwona amekasirika vile. Alichukua kikapu chake akaenda naye kwa miguu hadi Majengo kumtazama yule mume, na kwa majuma mawili alikwenda kila siku.

Mwenye duka ndiye aliyekuja na shauri. Alisimama nje ya mlango, kwa adabu, akazungumza na ukuta.

"Bi Mkandaji, watu wataka mafuta yako, na wewe mikono unayo miwili tu. Nipe mimi niuze dukani, mafuta safi. Lakini tia chapa. Bila chapa, chupa ni chupa."

"Alama yangu," akajibu yeye kutoka ndani, "ni mtu aliyeamka asubuhi akainama akaokota kitu tini. Hiyo utaitia kwenye chupa?"

"Hiyo siwezi. Picha ndogo naweza. Ndugu yangu ana mtambo wa kupiga chapa."

Walibishana siku tatu, ukuta katikati. Mwishowe alikubali, kwa ajili ya mgongo wa yule mchukuzi, na mimi nikaitwa nichore.

Nilidhani itakuwa kazi ya asubuhi moja. Nilichora mkono uliofunguka, nikajisifu. Aliutazama akanirudishia. "Mkono wangu ukakae dukani, na mimi niko huku?" Nikamwambia tuandike jina lake, kwa herufi za Kiarabu, vizuri. Akashtuka. Jina lake lilikuwa lina jina la Mola ndani yake, na chupa mwisho wake ni jaani. Astaghfirullahi. Nilichora kinu na mchi. Akasema watu watadhani ni mganga wa kupunga. Nilichora kikonyo cha karafuu. Mwenye duka akasema chafanana na msumari, nani atajipaka mafuta ya msumari? Nilichora mwezi mwandamo. Mkandaji akauliza tangu lini mwezi ukawa wake.

"Nataka kitu kidogo, mwanangu," aliniambia. "Kisiwe na mato, kisiwe na jina, kisinisifu. Mtu akikiona ajue ni mimi, basi."

Ajue ni yeye. Maneno hayo ndiyo niliyoyashika, nikayashika vibaya.

Siku ya tano nilikuwa ukumbini kwake na makaratasi yangu yaliyokataliwa. Yeye aliingia chumbani kuswali adhuhuri. Kikapu chake kilikuwa karibu yangu, na lile bakuli la maji ya moto limeviringishwa kitambaa cha zamani lisigongane na chupa. Pembe ya kitambaa ilikuwa imefunuka. Niliona viua.

Mtu akizoea kazi, macho yake hayamwombi ruhusa. Nilifunua. Ulikuwa ukanda wa kofia, umeshonwa nusu, haujaunganishwa na bapa, bafta imegeuka rangi ya maziwa yaliyokaa. Na ua lake sikuwa nimeliona popote. Vichipukizi vitatu vya asumini vimeinamiana, na cha nne kimevipa mgongo. Vinajirudia hivyo, vitatu na kimoja, vitatu na kimoja, kisha vinakoma katikati ya uzi, sindano ilipotolewa.

Nilijua ni cha kichwa cha mtu. Mchora kofia gani asijue? Nilijua pia kwamba ningemsubiri amalize sala nikamwuliza, angesema hapana. Kwa hiyo sikumsubiri. Nilichora upesi nyuma ya ule mwezi wangu, asumini nne tu, nikarudisha kitambaa kama kilivyokuwa. Moyoni nilijiambia nitamshangaza. Hiki ni chake kweli, chenye mkono wake, na hakina macho wala jina. Alipotoka nilimwambia nimepata wazo, aniachie. Alikuwa amechoka na mimi. "Haya, fanya."

Mwenye duka alifurahi. Karatasi siku hizo zilikuwa za kutafuta kwa tochi, lakini ndugu yake alipiga chapa rundo zima, asumini nne za kijani kwenye duara. Chupa zilipangwa dukani zikapendeza. Ya kwanza nilimpelekea Mkandaji mimi mwenyewe, nikiwa na furaha ya mjinga.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeitoa wapi?"

Hapo ndipo pa kusema. Ulimi hauna mfupa, ukageuka wenyewe.

"Nimeibuni, Bi."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa madogo, na hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Umeibuni vizuri," akasema. Kisha akauliza kama zimeshapigwa nyingi. Nikamwambia zimeshabandikwa na zimeshaanza kuuzwa. Akaiweka chupa chini ya kiti, akaniambia niende, ana mtu anamngoja.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilitaka kushukuriwa.

Ilipita miezi kadhaa. Mafuta yakaenda, mafuta ya taa ya Mwembe Tayari yakakosa wanunuzi, na hata mama Mkristo wa Majengo alikuwa akija kuchukua chupa ya asumini kwa ajili ya majirani zake. Wasiojua kusoma waliitambua mbali. Alama ilifanya kazi yake.

Sasa nimfikie mke mmoja ambaye bado sijamtaja. Alikuwa mke wa mfanyabiashara wa mchele, mtu wa heshima, mkimya, ambaye mimi sikuwa nimemtazama kichwa hata siku moja kwa sababu wanawake hatukuwa tukitazama vichwa vya waume wa watu njiani. Kofia zake mkewe alizichora na kuzishona mwenyewe, hakuwahi kuniita. Na Mkandaji aliingia nyumba ile kama aingiavyo kwake. Alimkanda yule mke mimba zake zote, saba, mbili katika hizo zikatoka kabla ya wakati.

Siku ya arubaini ya binti yao aliyejifungua tulialikwa sote. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, ukumbi umejaa, udi unafukizwa, mimi nimepewa sinia la vikombe nipitishe. Mkandaji alikuwa ameketi pembeni na mtoto mapajani, anamnyoosha miguu. Mke wa yule bwana akaingia kutoka chumbani. Mkono mmoja ana chupa. Mkono wa pili ana kofia ya mumewe. Akaviweka kwenye meza ndogo, kimoja kando ya mwenziwe, na hakuna mwanamke ukumbini aliyehitaji kuelezwa. Vitatu vimeinamiana, cha nne kimegeuka. Kofia ile nyumba nzima ilikuwa ikiiona kila Idi.

"Bi Mkandaji," akasema, sauti yake imetulia. "Hebu nieleze. Ua hili ni la nani?"

Mkandaji alimfunika mtoto kwanza, akampa aliyekuwa karibu.

"Ni langu."

"Nani alokuchorea?"

Nilikuwa katikati ya ukumbi na sinia la vikombe. Mkandaji hakunitazama. Nasema hili kwa kiapo, hakunitazama hata kwa pembe ya jicho, na kama angenitazama kila mtu angejua.

"Nalichora mwenyewe. Kabla hujaya nyumba hini."

Mtu mmoja akasema, "La ilaha illallah." Yule mke alishika ukingo wa meza.

"Mume wangu aliniambia ni ua la mamake. Kofia ya kwanza ilipochakaa, nikamshonea ya pili kwa ua lilo lilo, kwa heshima ya mamake. Miaka yote hini. Na wewe wanishika tumbo, waniangalia na mato hayo, wanyamaza. Haya, hilo ningelimeza. Lakini kulitia kwenye chupa! Likauzwa Mwembe Tayari, nti nzima inione mjinga! Nimekukosa nini?"

Sentensi moja tu ndiyo iliyotakiwa. *Hakulitia yeye, nimemwibia mimi. Yeye alilificha kikapuni ili wewe usilione.* Nilikuwa nayo mdomoni, nzima, imeshapangika. Nikawaona wale wanawake waliokaa mle, karibu wote wateja wangu, kofia zao zote za msimu ule wa arusi nilikuwa nimezianza. Nikamwona moyoni mama yangu kule nyumbani, akipapasa ukuta kutafuta mlango. Nikasimama na sinia langu.

"Na wale wawili walotoka?" mke yule akauliza, na sasa sauti ilikuwa imemkatika. "Walitoka kwa Mungu, au kwa mkono wako?"

"Wale wawili," akasema Mkandaji, "niliwalilia kabla yako. Mimi ndiye nilowajua mwanzo kuwa hawamo tena."

Alisema kweli. Mikono yake ndiyo iliyojua kwanza. Lakini katika ukumbi ule ilisikika kama mtu anayeungama. Aliinuka, akachukua kikapu chake, akavaa makubadhi mlangoni taratibu, la kushoto, la kulia, na akashuka ngazi. Hakuna aliyemwambia kwaheri.

Mwenye duka alinikuta kesho yake kwenye uchochoro. Yeye na mkewe walijua nani alichora ile karatasi.

"Utasema, au hutasema?"

Nikamwambia nitasema. Akaniangalia, mtu yule mnene mcheshi, hacheki. Akasema mkewe alitaka kwenda kusema yeye, na Mkandaji amemkataza. Amemwambia hilo lina mwenyewe. Mwenye duka alizitoa chupa zote dukani, akazitia kwenye pipa la maji, na yeye na mkewe walikaa uani wakibandua asumini moja moja kwa kucha.

Sikusema juma lile, wala lililofuata. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ningeulizwa na la kuchelewa. Milango ikamfungikia Mkandaji. Hakufukuzwa; kwetu watu hawafukuzwi. Ilikuwa tu kwamba akipita anaambiwa, "Bi Mkandaji, leo tumelala vizuri, alhamdulillahi, tutakwita." Yule mke alishika mimba tena, akakandwa na mwanamke mwingine, na mtoto akazaliwa mzima, anapiga kelele. Watu wakasema: mwaona?

Mkandaji alichukua kikapu chake akaenda walikokuwa hawajui kofia. Majengo, nyuma ya reli, kwa wake wa wachukuzi na makarani wa bara. Ilikuwa mbali kwa miguu, na alikuwa si mtu wa umri wa kwenda mbali. Nilikuwa nikimwona asubuhi dirishani kwangu, mabega yale mapana, kikapu upande mmoja. Nilikuwa nikirudi nyuma asinione. Mimi kazi yangu ilistawi.

Miaka ikapita hivyo. Vita vilikuwa vimeisha zamani, sukari imeanza kupatikana tena. Asubuhi moja niliamka kidole gumba changu cha kulia kimekunjika na kimekataa kufunguka. Nilikichovya maji ya moto, nikakisomea, nikakipaka kila kitu. Siku tatu sikuweza kushika penseli. Nilikwenda spitali nikapewa dawa ya maji na kuambiwa nipumzike. Nilijua dawa ilipo. Kwa kweli nilikwenda kwake kwa sababu ya kidole. Natamani ningesema nilikwenda kwa sababu nyingine.

"Hodi."

"Karibu. Mlango u wazi."

"Shikamoo, Bi Mkandaji."

"Marahaba. Keti. Lete mkono."

Hakuuliza nini kimenileta baada ya miaka ile. Alikuwa amekonda, na kovu la gumba lilikuwa limepauka. Alitia vidole kwenye bakuli, akavifuta, akavipaka mafuta. Chupa haikuwa na karatasi yoyote. Kisha akaviweka kifuani vile vile, kimya. Akaanza na kiwiko.

"Kidole ndicho kinauma, Bi."

"Najua. Nyumba huingiwa mlangoni."

Hapo nikalia. Alikuwa hapendi wenye kulia, lakini siku hiyo aliniacha. Na katika kulia yakanitoka yote: kitambaa, sala yake ya adhuhuri, penseli nyuma ya mwezi, uwongo wangu na chupa mkononi mwake, sinia, vikombe. Nikamwambia nilikuwa mwoga, nikamwambia habari ya mama. Nikamwambia ni mimi, Bi, ni mimi, kama mtu aletaye habari mpya.

Mikono yake haikusimama hata kidogo. Ilishuka kwenye kifundo, ikaingia kiganjani, ikaanza kuzunguka chini ya gumba.

"Nalijua, mwanangu," akasema. "Tangu ile siku uliponiletea chupa. Kwani mimi siujui mkono wangu?"

"Mbona hukusema?"

"Nikuseme wewe, na mamako hana mato?" Alibonyeza mahali fulani na maumivu yakapanda mpaka begani. "Nalikungoja. Kila nikipita chini ya dirisha lako nikisema, leo labda. Lakini nalikungoja uyaseme kule. Huku nayajua."

Nikajifuta uso kwa mkono wa kushoto.

"Haya, nyosha."

Nikanyoosha. Kilifunguka.

Nilitoka pale nimeshatia nia. Sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya mfanyabiashara wa mchele, njia nzima nikiirudia ile sentensi, ile ile ya siku ya sinia, haikupotea hata neno. Nikapiga hodi. Alifungua yule mke mwenyewe, ameanza kuwa na mvi, na aliponiona uso ukamfunguka.

"Subhanallahi! Wewe nalitaka kukutumia mtu leo leo. Mwanangu yuwaowa, na mato yangu hayanisaidii tena. Nataka kofia, na nataka ua jipya kabisa, lisilokuwa la mtu. Nimeambiwa hapana mwenye amana kama wewe. Ingia, ingia. Bafta nshakata."

Alinishika mkono akanivuta ndani. Juu ya meza ndogo, ile ile, palikuwa na kitambaa cheupe na penseli.

Nikakaa. Kidole changu kilikuwa chepesi kama cha msichana, na nilichora mpaka adhuhuri.